Mayai Yaliyorudi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, mtaa mzima ulimwita Trei, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta mikono mitupu. Kama hapeleki mayai mjini, basi anarudisha trei tupu nyumbani, na ukimsimamisha njiani kumsalimia, anaitika kwa kuinua nyusi. Mimi nilihamia kwao nilipoachika. Nikapewa chumba cha nyuma kinachopakana na banda la kuku, na kazi yangu ikawa kufuta mayai kwa kitambaa kikavu, kuyamulika kwenye taa moja baada ya jingine, na kuyatenga yenye ufa. Kwa hiyo nikisimulia habari za mtu huyu sisimulii za kuambiwa. Nilimwona kwa macho yangu, huku nikipumua vumbi la maranda.

Alikuwa mpole kupita kiasi, na upole wake uliniudhi. Mtu akimkanyaga, yeye ndiye anayeomba radhi. Nilimuuliza dada siku moja alimpendea nini mwanamume asiyejua kusema hapana, akanijibu kwamba ukoo wetu una wakali wa kutosha na angemleta wa ziada tungemalizana. Hata Trei alicheka, akaniambia, "Shemeji, mimi nimeoa moto, na wewe ndiye kuni."

Supamaketi ilipofunguliwa mjini kwetu, moja ya zile zenye matawi kila upande wa nchi, ilimkuta Trei ana kuku wachache na anauza mayai kwenye vibanda vya mtaani. Mtu wao wa manunuzi akaja, akayaangalia mayai, akayapenda. Lakini walitaka mengi, kila wiki, bila kukosa. Trei akauza kiwanja alichoachiwa na baba yake, akajenga banda la pili, refu, lenye bati jipya, akaongeza kuku mpaka kelele zao zikawa zinaniamsha kabla ya jogoo wa jirani. Wenye vibanda akawaaga, maana hakubakiwa na mayai ya kuwapa. Walinuna kidogo, kisha wakatafuta wengine.

Kulikuwa na sharti moja. Mboga, mkate na maziwa supamaketi ilinunua moja kwa moja mlangoni na mambo yakaisha. Mayai hayakuwa hivyo. Mayai yalipigwa mhuri wa tarehe, na tarehe ikifika hayajauzwa, yanarudi kwa aliyeyaleta na hesabu yake inafutwa. Trei alikubali bila kuuliza mara mbili. Siku zile hata mimi sikuliona hilo kuwa sharti, kwa sababu hakuna yai lililorudi. Watu waliyagombania.

Mambo yaliharibika polepole. Supamaketi ilianza kuleta vitu kutoka bohari yake kuu, mbali huko, kwa malori marefu yaliyoziba barabara yetu. Wanawake wa mboga wakawa wa kwanza kuambiwa wasirudi. Hawakuambiwa siku moja kabla. Waliambiwa kwenye mlango wa nyuma, asubuhi, na mboga ziko kichwani. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti ya mkwaruzo ambaye sisi wote tulimwita Mama Mboga, alirudi nazo hadi njia panda, akazimwaga zote mbele ya kibao cha supamaketi, akaenda zake. Baadaye ikawa zamu ya mwoka mikate, kisha ya mtu wa maziwa.

Mji ulikasirika, na hasira hiyo ilikuwa ya haki, sitaikataa. Aliyeipa kichwa na miguu alikuwa mfamasia, mwanamke mwenye duka la dawa karibu na kituo cha polisi. Nusu ya mji imewahi kuponywa na dawa zake, na nusu nyingine imewahi kupewa dawa kwa ahadi tu, kwa hiyo akisema neno watu husikiliza. Aliitisha mkutano uani kwake. Likapitishwa azimio: hakuna anayeingia supamaketi mpaka irudie kununua kwa watu wa hapa. Mzee mmoja akasimama na kusema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Wakampigia makofi, wakaendelea. Nami nilipiga makofi. Sikujua kwamba nyasi zenyewe naishi nazo nyumba moja.

Walihitaji sura ya kuweka kwenye mabango. Mama Mboga alikataa kupigwa picha. Mwoka mikate alikuwa amegombana na nusu ya wanamgomo. Wakamkumbuka Trei, mwenye uso ambao hata askari hawezi kuushuku. Wakaja nyumbani, wakamsimamisha mbele ya banda, wakampakatisha kuku mweupe. Chini ya picha wakaandika: Usiingie. Mnunulie jirani yako.

Sasa, jambo ambalo hawakulijua ni hili: Trei alikuwa bado hajaachishwa. Mayai hayapendi safari ndefu. Malori yao yalikuwa yanayapasua njiani, na mpaka wapate dawa ya hilo walimhitaji mtu wa karibu. Yeye peke yake ndiye aliyebaki ndani. Meneja alikuwa amemwita pembeni na kumwambia, "Mayai yako yakiendelea kutoka hivi, nitakuwa na neno la kuwaambia wakubwa. Yakilala kwenye rafu, sina neno." Jioni hiyo Trei alituletea maneno hayo mezani kama zawadi. Siku ya picha alijaribu kumwambia mfamasia. Nilikuwepo. Alifungua mdomo, mpiga picha akamwambia ainue kidevu, akainua, na neno likarudi lilikotoka.

Alidhani mgomo ni wa siku mbili tatu, kama yalivyo mambo mengi ya mji wetu. Lakini ule ulishika. Watu walitembea juani kwenda kununua sukari mbali, huku supamaketi ikiwa mlangoni mwao. Ndani, muziki ulikuwa unapigiwa vikapu vitupu. Wanamgomo walisimama langoni kila asubuhi na mabango yao, na kila bango lilikuwa na Trei na kuku mweupe. Mjini hakulipa chai tena. Watu walimshika mkono, walimwita shujaa, na yeye akawa anajikunja kama mtu aliyevaa koti la kuazima.

Kisha mayai yakaanza kurudi. Alikwenda mlango wa nyuma na trei zilizojaa, akatoka na trei zilizojaa, za wiki iliyopita. Akazipanga ukumbini. Wiki iliyofuata zilifika dirishani. Kuku, kwa upande wao, hawakuwa na habari za mgomo wowote. Waliendelea kutaga kila siku, kwa bidii, na mimi niliendelea kufuta na kumulika mayai ambayo nilijua yanakwenda kutembea na kurudi.

Dada alimwambia aseme. Alimwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, mwisho akamwambia, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Trei alijibu kwamba haoni pa kuanzia. Kuna mzee mwenye mguu mbaya anayepanda mlima kwa ajili yake, basi aende kumwambia nini? Kwamba aingie anunue mayai, vingine aviache? Na Mama Mboga je, aliyefukuzwa, atamtazama machoni na kumwambia kwamba mwenzake bado yumo?

Niseme kweli, mfamasia hakukaa bure. Alitenga nafasi mbele ya duka lake, Jumamosi, Trei auze mayai moja kwa moja kwa watu. Jumamosi ya kwanza yaliisha kabla ya adhuhuri na watu wakaimba. Ya pili tulirudi na nusu. Ya tatu watu walimsalimia vizuri sana, wakamwulizia hali ya kuku, wakapita. Heshima walimpa bure, ila mayai walisema bado wanayo ya wiki iliyopita. Siwalaumu sana. Mtu ana tumbo moja. Mabanda mawili yalijengwa kulisha supamaketi, na mtaa hauwezi kula kama supamaketi hata ukipenda.

Chakula cha kuku kikapunguzwa. Ukimpunguzia kuku chakula hakulalamiki kwako, anamgeukia mwenzake. Walianza kunyofoana manyoya. Nikiingia asubuhi nilikuta migongo mitupu, myekundu, na mmoja wawili chini, wamedonolewa mpaka wamekufa. Trei aliwazika nyuma ya nyumba, kisha akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Hapo ndipo alipokuja na wazo lake. Mayai yakitoka kwenye rafu, meneja atakuwa na neno la kuwaambia wakubwa. Basi twende tukayanunue. Nilicheka nikidhani ni utani wa shemeji. Nikamwangalia, naye hakuwa anacheka. Nikamwambia huo ni ujinga wa kupimwa kwa mizani. Akasema anajua, ila kama nina wazo jingine nimpe.

Nilikwenda mimi, saa za mchana, wanamgomo wanapokwenda kula, mtandio umenifunika hadi puani. Mara ya kwanza, na mara ya pili. Tulinunua mayai yetu wenyewe kwa bei ya juu kuliko tuliyoyauzia, tukayaleta nyumbani, tukayala. Dada alitaka tufute mhuri, tuyachanganye na mapya tuyapeleke tena. Trei alikataa katakata, hiyo ikiwa mara ya pekee niliyomsikia akikataa kitu. Kwa hiyo tuliyala ya kuchemsha, tuliyala ya kukaanga, mpaka nikawa siwezi kumwangalia kuku usoni.

Safari ya tatu alisema atakwenda mwenyewe. Alisema wakinikamata mimi watanitukana, na hawezi kukaa nyumbani huku mwanamke anatukanwa kwa ajili ya mayai yake. Akavaa kofia pana iliyomfika machoni na koti la mvua, siku ya jua. Nilimsindikiza nikakaa ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha fundi viatu. Aliingia salama. Lakini huko ndani alikawia, nadhani alikuwa anayapanga mayai yaliyobaki yakae vizuri, maana hakuweza kuona trei imekaa vibaya. Alipotoka, wanamgomo walikuwa wameshamaliza kula na kurudi.

Kofia ilimficha uso, na koti lilimficha mwili. Lakini alibeba trei tatu kwa mkono mmoja, zimepandana, kidevu kimekandamiza ile ya juu, na mji mzima hakuna mwingine anayebeba hivyo. Niliona vichwa vinageuka kimoja kimoja. Nikavuka barabara mbio, nikachelewa.

Mfamasia ndiye aliyemsogelea. Hakupaza sauti. Nadhani alitaka kumpa mlango wa kutokea, kwa sababu alimuuliza, "Bwana Trei, umeyaondoa mayai yako humo?"

Angeitikia tu. Neno moja, ndiyo, na wangembeba juujuu.

"Hapana, mama," alisema. "Nimeyanunua."

Watu wengine walicheka, wakidhani ni mzaha. Mama Mboga hakucheka. Alilisogelea lile rundo la trei, akaangalia tarehe iliyopigwa mhuri, akaangalia tena, kisha akasema kwa ile sauti yake ya mkwaruzo, "Kumbe yako bado yalikuwa yanaingia. Sisi tuko juani, wewe uko ndani."

Trei alianza kueleza. Alieleza vibaya, alianzia mwisho, akataja meneja kabla ya kutaja kurudishwa, na jina la meneja lilipotoka tu hakuna aliyesikiliza kilichofuata. Mtu alisema ndumilakuwili. Mwingine alilirudia, na mara likawa linapita mdomo hadi mdomo. Niliwatukana wote, na nilitukana vizuri, lakini matusi yangu yalimwongezea tu mashahidi. Hakuna aliyemgusa. Walimpisha njia, akapita katikati yao na trei zake, taratibu ili yasivunjike. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba hata pale alikuwa anaangalia yasivunjike.

Siku hiyohiyo picha zake zikabanduliwa. Jumamosi hakuna aliyeweka meza. Na meneja, ambaye kwa ajili yake tulikula mayai mpaka tukavimba, alimwita mwisho wa mwezi akamwambia mayai yamelala sana, hana neno la kuwaambia wakubwa. Trei alimshukuru. Aliniambia mwenyewe kwamba alimshukuru, na mimi nikaondoka chumbani nisije nikasema jambo.

Tuliwauza kuku kwa mchuuzi wa nyama. Alikuja na matenga yake na vijana wawili wa kukamata, lakini Trei aliomba akamate mwenyewe, kwa sababu wale vijana walikuwa wanawavuta kwa bawa moja. Aliingia bandani, akawa anawatoa wawiliwawili, amewashika miguu, anawapisha mlangoni vichwa visigonge. Wale waliobaki na manyoya na wale wasiobaki nayo, wote bei moja. Tenga la mwisho lilipopakiwa alikaa kwenye kizingiti cha banda akalia mbele yetu, mbele ya mchuuzi, bila kujificha uso. Dada alikaa karibu naye. Mimi nilishika ufagio nikaanza kufagia, kwa kuwa sijui kufanya kingine mtu mzima akilia.

Haikupita wiki mbili, mfamasia alikuja nyumbani. Alikuja na Mama Mboga, ambaye alibaki nyuma karibu na lango. Trei alikuwa ameinama uani anasugua vyombo vya maji vya kuku, apate kuviuza vikiwa safi. Mfamasia alikuwa na furaha ya mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi. Alisema tumeshinda. Kampuni imekubali, mboga, mkate, maziwa na mayai, vyote vitanunuliwa kwa watu wa hapa, na mambo yanaanza Jumatatu. Kuhusu yale yaliyotokea langoni, amewaambia watu yaishe, na watu wamemsamehe Trei.

Nilifungua mdomo niulize wamesamehe nini. Dada alinifinya.

Trei alifuta mikono, akampongeza, na alimaanisha, ndivyo alivyo. Kisha akauliza kuhusu mayai yatakayofika tarehe bila kuuzwa, wameelewana nini. Mfamasia hakumwelewa. Trei akamweleza, safari hii kwa mpangilio, kuanzia mwanzo: mhuri, tarehe, mlango wa nyuma, trei za ukumbini. Nilimwona mfamasia akitafuta pa kukaa. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Hilo hatukulizungumza," alisema. "Hatukujua kama lipo. Kwa hiyo siku zote zile tulizosimama pale langoni..."

"Yalikuwa yanarudi hapa," alisema Trei.

"Kwa nini hukutuambia, baba?"

Trei alifikiri. Akasema, "Mlinishika mkono mbele ya mji mzima, mama. Ningewaambiaje kwamba mguu wenu uko juu ya wangu?"

Mfamasia aliinama akawa anakunja na kukunjua pindo la gauni lake. Baada ya muda alisema hilo la kurudishwa atalirudia, atawafuata tena hao watu, lakini kwa sasa tuanze, na je, Jumatatu Trei anaweza kuleta trei ngapi? Dada ndiye aliyejibu kutoka mlangoni, bila ukali wowote, akasema, "Hakuna kuku, mama." Mama Mboga aliacha lango, akapita uani hadi mlango wa banda refu, akachungulia. Alibaki pale ametupa mgongo kwa muda. Alipogeuka alikuja hadi alipokuwa Trei, akachukua chombo kimoja cha maji na kitambaa, akaanza kusugua, wakaendelea pamoja mpaka vyombo vikaisha.

Mayai ya watu wa hapa yapo supamaketi siku hizi, chini ya kibao kikubwa. Yanaletwa na mtu mwingine, kijana wa upande wa mtoni aliyeuza ng'ombe akajenga banda. Trei hubeba magunia kwenye ghala la chakula cha mifugo na, akija kijana huyo, humpakilia mwenyewe na kumwambia atandike maranda makavu. Kuhusu tarehe na mlango wa nyuma alimwambia pia. Kijana alicheka, akasema mayai yake hayalali.

Kazi ya ghala huanza jua likiwa limeshapanda, lakini Trei bado huamka gizani. Namsikia kupitia ukutani. Dada humwambia alale, hakuna anayesubiri kulishwa. Yeye humjibu kwamba anajua, kisha namsikia akivaa viatu.